Igiza Upone, Nauli Baadaye

Katika mji huu wa Kisumu, mtu mwenye kalamu na kitambulisho hafi njaa. Kuna semina ya kunawa mikono, semina ya kuweka akiba, semina ya mabadiliko ya tabianchi, na semina ya kufundisha watu kuendesha semina. Nawajua wazee wa Nyalenda ambao hawajaajiriwa na mtu tangu bandari ilipokuwa bandari, lakini ukiwauliza wanafanya kazi gani watakujibu bila haya kwamba wako kwenye mafunzo. Unakalia kiti cha plastiki, unapewa chai na andazi saa nne, mchana unakula kuku (samaki hatupewi, eti ana miiba na atachelewesha ratiba), unasaini fomu ya nauli, unarudi nyumbani ukiwa umeelimika. Sikuwahi kuwa na neno na mpango huo. Balaa limeanza juzi, waandaaji walipoamua kwamba kukaa hakutoshi. Sasa ni lazima tuigize.

Kikundi chetu pale Manyatta ni cha mazishi. Katika cheti cha usajili kinaitwa cha ustawi, lakini kila mtu anajua kazi yake: mwanachama akifiwa tunatoa hema, viti, sufuria na mchango, halafu tunasafiri kwenda kuzika. Mwenyekiti ni Nyar Seme, mama anayeuza omena Kibuye, na ndiye aliyetuletea habari kwamba shirika moja limetuchagua kwa tiba ya pamoja kwa njia ya maigizo. Tumezika sana, akasema, na hatujawahi kukaa chini tukaulizana mioyo inaendeleaje. Kimya kikapita. Japuonj, mwalimu mstaafu, akauliza kama kuna nauli. Akaambiwa ipo. Hoja ikapitishwa bila mpinzani.

Mwezeshaji alikuwa binti wa umri wa kitinda mimba wangu, mpole, na begi lililojaa kalamu za wino mzito. Akasema tuanze kwa kupasha mwili. Jamani, mwezi wa pili, saa tano asubuhi, chini ya mabati, mtu wa Kisumu anaambiwa apashe mwili! Tukazunguka ukumbi tukitikisa mikono. Kisha akasema simama, mtazame machoni yule aliye mbele yako. Kijana mmoja wa bodaboda akajikuta uso kwa uso na mama mkwe wake. Wote wawili, kwa adabu walizolelewa nazo, wakageuka wakatazama ukuta. Binti akaandika kitu kwenye daftari lake. Baadaye nilichungulia nikaona ameandika kwamba hao wawili wana uhusiano uliovunjika.

Alipoona tunanung'unika, akatueleza asili ya jambo lenyewe, na hapo kidogo nilitega sikio. Kulikuwa na daktari aliyeitwa Jacob Moreno, mzaliwa wa Bucharest mwaka 1889, aliyekuwa akiishi Vienna. Tarehe 1 Aprili 1921, yaani Siku ya Wajinga, alipanda jukwaani amevaa kama mchekeshaji wa mfalme. Jukwaani hapakuwa na kitu ila kiti chekundu cha enzi na taji. Austria ilikuwa imetoka vitani imeshindwa, mfalme wao kaachia madaraka mwaka 1918, na nchi haijui inaongozwa na nani. Moreno akawaambia watazamaji: anayeona anaweza kutuongoza na apande, akae, atuonyeshe. Wakajaribu mmoja mmoja, wenzao wakiwa majaji, na usiku ukaisha bila mfalme kupatikana.

Ukumbi mzima ulicheka, ila si kwa sababu aliyoitarajia binti. Weka kiti cha enzi na taji pale Kondele jioni moja, halafu tangaza kwamba anayejiona anafaa na apande. Foleni itafika Mamboleo. Nusu yao watakuja na mabango yaliyokwisha chapishwa, na atakayekalia kile kiti kwanza mtamtoa kwa amri ya mahakama.

Moreno alihamia Marekani mwaka 1925, na mwaka 1936 akafungua hospitali mjini Beacon, jimbo la New York, iliyokuwa na jukwaa ndani yake. Wagonjwa hawakulala kwenye kochi kusimulia utoto wao. Walipandishwa jukwaani wauigize. Huyo bwana aliomba kwamba kaburini kwake paandikwe kuwa ndiye aliyeleta kicheko katika matibabu ya akili. Binti akatupa pia kisa cha mwigizaji mmoja wa Moreno kule Vienna, mwanamke ambaye jukwaani alikuwa malaika na nyumbani kwa mumewe moto wa kifuu. Moreno akaanza kumpa nafasi za wanawake wa mitaani, wenye matusi na ngumi. Akayatapika yote mbele ya watu, na nyumbani akarudi mtu wa kawaida.

Kisa hicho nilikosea... hapana, sikukosea, nilikisimulia tu mezani, na mke wangu akakirukia. "Basi wewe nenda kila wiki," akasema. "Nenda ukanung'unikie huko, labda utarudi mtu." Nikamkumbusha kwamba kwa ajili hiyohiyo ndiyo naandika safu hii. Akasema safu hainipunguzii kitu, inanifanyisha mazoezi.

Lakini tuulizane ukweli. Hili la kuigiza ili watu wapone, ni sisi wa kando ya ziwa tunaoletewa na gari lenye nembo mlangoni? Mzee akifa kwetu, wanaume walikuwa wanavaa manyoya na ngozi, wanashika mikuki na ngao, wanaswaga mafahali mbio hadi mpakani mwa kijiji wakipigana na adui asiyeonekana. Ndiyo tero buru: kifo kinafukuzwa, kinapelekwa porini kikae huko. Kila mtu anajua hakuna adui pale, na kila mtu anapigana naye mpaka jasho linamtoka. Mjane naye alivaa koti na kofia ya marehemu, akatembea navyo mbele za watu. Sasa niambieni, hapo Moreno angeongeza nini? Labda karatasi za kubandika ukutani. Siku hizi mafahali wamepungua, kwa hiyo vijana wa bodaboda hukifukuza kifo kwa honi, wamelala juu ya pikipiki, na mara nyingine kifo chenyewe ndicho kinachowafukuza wao.

Na pakruok je? Pale ohangla inapopamba moto, mtu anatoa noti, muziki unakatizwa, anashika kipaza sauti anajitangaza kuwa yeye ni mwana wa fulani, kipenzi cha warembo wa Asembo, simba anayenguruma hadi Uganda wafunge madirisha. Huyo mtu asubuhi ni karani wa kupimia mahindi. Kwa dakika mbili amekuwa simba, amelipa mwenyewe, na hakuna aliyemwomba ajaze fomu ya tathmini. Tulipokuwa tunayafanya haya kwa mikono yetu, walokole walituambia ni ushenzi tuyaache. Sasa yamerudi kwa jina jipya, yana bajeti, na mlokole aliyekuwa mkali kuliko wote ndiye mweka hazina wa kikao.

Haya. Siku iliyofuata binti akaweka kiti katikati ya ukumbi. Akasema kiti hiki kina mtu usiyeweza kumfikia tena. Zungumza naye, mwambie lililobaki. Akamwita Japuonj mstaafu. Mzee akasema atazungumza na baba yake. Akavua kofia. Akakitazama kile kiti muda mrefu, kisha akasema hapana, baba hakuwahi kukalia plastiki. Vijana wakatumwa, wakaja na kiti cha mbao cha pasta, chenye mikono. Japuonj akasimama mbali nacho, hatua kadhaa, mikono nyuma, mtu wa miaka sabini na ushei amesimama kama amechelewa shule. Akakisalimia. Akakiuliza mbona mafahali wawili waliuzwa mwaka ule wa njaa, na pesa zikaenda wapi.

Hapo binti akasema: sasa kaa kwenye kiti, umjibu mwanao kwa sauti ya baba.

Ukumbi ukapata baridi. Mluo na kiti cha baba yake! Mjadala ukazuka, huyu akisema ni maigizo tu, yule akisema chira, laana ya kuvunja mwiko, haijui maigizo, Nyar Seme akipiga meza. Mwisho tukakubaliana Japuonj achuchumae kando ya kiti, asikiguse, aseme kutoka hapo. Akachuchumaa, magoti yakilia. Sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa nzito na ya mkato. "Walikuwa karo yako," akasema. "Ulitaka nikwambie ili iwe nini? Usome ukilia?" Kisha akanyamaza, akainuka kwa kushika bega la kijana wa bodaboda, akavaa kofia yake, akauliza kwa nini chai imechelewa.

Sikuwa nimejiandaa kwa jambo kama hilo. Nilikuja kwa ajili ya nauli.

Wala halikuwa la mwisho. Mama mmoja wa kutoka Dunga, mgeni wa kikundi, aliomba waigize ufukweni: yeye awe mvuvi, na mvuvi awe yeye. Tuna mvuvi mmoja kikundini, mcheshi sana, akakubali haraka. Akakaa chini na beseni, akijibinya sauti kama mwanamke, watu wakavunjika mbavu. Mama yule akasimama ndani ya mtumbwi ambao haukuwepo, akawauzia wengine samaki, akiwatania kwa majina, na kila yule mvuvi anaponyoosha beseni yeye anatazama juu ya kichwa chake. "Wewe ngoja kidogo," anamwambia. "Tutaongea jioni." Mnaijua habari ya jaboya, samaki wanaolipiwa kwa mwili, sina haja ya kuitandaza hapa. Akina mama wa ufuo wa Nduru, Nyakach, waliichoka mwaka 2011, wakatafuta mitumbwi yao wenyewe, wakajiita waziwazi No Sex for Fish, dunia nzima ikaja kuwapiga picha. Mama yetu wa Dunga hakuwa na mtumbwi. Alirudia yale maneno, tutaongea jioni, tutaongea jioni, kwa upole uleule, mpaka kicheko kikaisha ukumbini na yule mvuvi akawa ameshika beseni tu, hajui aliweke wapi. Alitoka kabla ya mchezo kukatizwa. Hajarudi tangu siku hiyo, ingawa nauli yake inasainiwa kila kikao, na mtu nisiyemjua.

Kwa hiyo siwezi kusema ni upuuzi mtupu, na hilo linaniudhi, kwa sababu nilikuwa nimeshaandika nusu ya safu kwa msimamo huo. Tena ng'ambo hapo ya ziwa, Masaka na Rakai, watafiti walijaribu tiba ya vikundi mwaka 2002 katika vijiji 30. Hawakutumia madaktari. Watu wa hukohuko walifundishwa wiki mbili, wakakaa na wenzao dakika 90 kila wiki, kwa wiki 16, wakichimbua kilichomwangusha mtu, msiba au ugomvi au maisha kumgeukia, na kuyafanyia mazoezi maneno magumu kabla ya kwenda kuyasema nyumbani. Matokeo yalitolewa mwaka 2003: waliokaa vikundini walipata nafuu kubwa kuliko ambao hawakukaa. Wiki 16, Waganda. Sisi ufadhili wetu unaisha mwisho wa robo ya mwaka, kwa hiyo tumeombwa tuharakishe kupona.

Sasa nifike kwenye suti.

Nina suti, au nilikuwa nayo. Kijivu, mistari myembamba, vifungo viwili, imeshonwa na fundi anayeheshimika kwa ajili ya harusi ya binti yangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, aliiazima kwenda kuzika upande wa Bondo, akasema ataileta Jumatatu. Hakusema Jumatatu ipi. Tangu hapo nimekuwa nikikutana na suti yangu kwenye matanga: Ahero, Ugunja, Oyugis. Imepanda feri ya Luanda K'Otieno kwenda Mbita, mimi mwenyewe sijawahi. Imesoma risala. Katika picha za mazishi ya mwalimu fulani iko mstari wa mbele, na mimi niko nyuma kule, nimevaa sweta.

Mtu wa pwani atauliza, si umdai? Huyu ni shemeji. Tunaitana ora, tunapeana mkono kwa heshima, na mkwe hadaiwi nguo kama anayedaiwa deni la dukani. Nimekuwa nikimdai kwa njia zetu: namsifia ilivyomkaa, namuuliza kama bado haijachakaa, siku moja nilimwambia nasikia kuna nondo wengi mwaka huu. Hasikii.

Naye ni mwanachama wa kikundi. Na sijui nani alimnong'onezea binti, ingawa nikimtazama Nyar Seme anaangalia darini.

Tukaitwa katikati. Binti akasema tubadilishane nafasi: mimi niwe shemeji, shemeji awe mimi. Nikasema sina ugomvi na mtu. Akasema vizuri, basi itakuwa rahisi. Shemeji akavua koti, koti langu, siku hiyo alikuwa amelivaa maana jioni alikuwa na matanga Chulaimbo. Akanivika. Nilisikia bega likinikaa pale fundi alipoliweka. Mfukoni mlikuwa na tiketi ya feri na pipi moja iliyoyeyuka.

Kisha shemeji akawa mimi. Jamani. Aliinamisha shingo, akaweka mikono kiunoni, akaanza kuzunguka ukumbi akilalamika: umeme, tuktuk, kelele za kanisa, chai ina maji, vijana hawasalimii, ziwa linanuka, ziwa halinuki kama zamani. Watu walianguka kwenye viti. Japuonj alilia machozi. Hata bindo la suruali alikuwa ameliokota, lile ninalolivuta juu kila nikikaribia jambo ambalo sitaki kulisema. Alifika mbele yangu, akavuta suruali juu, akasema, "Ora, nasikia nondo ni wengi mwaka huu," na mkono wake ukaja ukalipangusa bega la koti, polepole, kama ninavyofanya mimi. Alikuwa anasikia siku zote, huyu mtu.

Ikabidi nijibu kwa nafasi yake. Nikafungua mdomo nimseme vizuri, nimwonyeshe alivyo. Badala yake nikajisikia nasema kwamba nikiingia matangani bila suti wananipa kazi ya kuchota maji, na nikiingia nayo wananipa kiti. Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Sikuyapanga. Shemeji alitazama chini.

Binti alipoona tumenyamaza, akamtuma Nyar Seme asimame nyuma ya shemeji, yaani nyuma yangu, aweke mkono begani aseme lile ambalo mimi silisemi. Nyar Seme hakuhitaji kufikiri. "Siogopi kuikosa suti," akasema kwa sauti ya kuuzia omena. "Naogopa nikiidai, mke wangu atasema namdharau kaka yake, nami nitalala njaa."

Hiyo ni siri ya nyumba. Sasa inajulikana hadi Migosi.

Tatizo langu ni hili: nilikuwa na kinyongo kizuri, cha miaka, nilichokitunza vyema. Kilinichangamsha asubuhi, kilinipa cha kusema na kinyozi. Sasa nikikutana na shemeji nikitaka kukasirika, naona ndoo ya maji, naona yule mzee anayevuta suruali juu, hasira inakatika katikati. Na suti bado sijapewa. Tiba gani hii inayomponya mdeni na kumwacha mwenye mali mikono mitupu?

Nililipeleka suala hilo rasmi, kwa maandishi, kwenye mambo mengineyo. Kikao kikajadili kwa kirefu. Shemeji, kwa unyenyekevu uliomfanya kila mtu amwonee huruma, akasema yuko tayari kuirudisha mbele ya wanachama. Nikainuka kuipokea. Binti akaomba dakika moja: kikao kijacho, akasema, kitahusu vitu tunavyoachiana, na Moreno aliruhusu hata vitu visivyo na uhai vipewe nafasi viseme, kwa hiyo angependa suti iwepo, mtu aivae, itueleze imeona nini. Mkono ukanyooshwa, mwingine ukaunga. Ikapitishwa kwamba suti ni kifaa cha mchezo. Mweka hazina akaiandika kwenye rejesta ya mali ya kikundi, baada ya hema na kabla ya sufuria kubwa, na ikafungiwa kwenye sanduku la Nyar Seme pamoja na mihuri.

Nimeambiwa nikiwa na msiba naweza kuiazima. Inahitaji barua, wadhamini wawili, na irudi Jumatatu.